Neno "ngoja" lilivyonirushia kikombe cha chai

Wiki yangu ya pili kwenye ile nyumba ya kutunzia wagonjwa nilirushiwa kikombe cha chai na mgonjwa mmoja. Hakikunipata, kilipita karibu na sikio kikagonga ukuta, na bahati nzuri kilikuwa cha plastiki chenye mfuniko, ila mfuniko ulifyatuka chai yote ikamwagikia picha yake ya harusi iliyotundikwa pale. Saa 1 na robo asubuhi. Nilikuwa namvalisha soksi bibi wa chumba cha pili, huyu akaita chai, nikamjibu kwa sauti ngoja nakuja. Akaita tena, nikasema ngoja dakika moja tu. Mara ya tatu nikaenda kuchungulia mlangoni nimwambie ngoja basi baba, hata sijamaliza sentensi kikombe hicho.

Nilienda kulia stoo ya mashuka. Wenzangu mliopo huku Uingereza mnajua, kila mbeba boksi ana stoo yake ya kulilia. Nikajiambia huyu mzungu mbaguzi tu hana lolote, na msimamizi wa shifti nilipomweleza akasema ah huyo ndivyo alivyo, mzoee. Basi nikaandika kwenye ripoti "ana hasira", nikaendelea na kazi. Hilo neno hasira nimekuja kulionea aibu baadaye.

Nitamwita Fundi, maana alikuwa fundi bomba kabla ya kuumwa (mambo mengine nimeyabadilisha asijulikane). Na nilivyokuwa namwita mzee kichwani mwangu, kumbe ana miaka 52. Ana Huntington, ugonjwa wa ubongo, huku wote tunaandika HD. Na mimi nilivyoingia mle chumbani kwake mara ya kwanza sikuwa najua HD ni kitu gani, wallahi nilidhani ni aina ya Parkinson, ule wa kutetemeka. Nilikuwa nimeshafanya yale mafunzo ya kuanzia kazi ambayo kila kea (mtunza wagonjwa) anafanya, wakati ule yalikuwa na viwango 15, unakaa mbele ya kompyuta unabonyeza unaendelea unabonyeza unaendelea mpaka cheti kinatoka. Kunyanyua mtu bila kuumia mgongo ipo, kunawa mikono ipo, moto ukitokea ipo. HD haipo. Dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau, ipo, na watu wengi wanakwambia chukulia tu kama dimenshia, jambo ambalo sio kweli kabisa, Fundi anakukumbuka jina, anakumbuka jana ulivaa nini, anakumbuka kwamba ulimwambia ngoja.

Mafunzo yenyewe ya HD tulikuja kuyapata baada ya kama mwezi hivi. Alikuja mama mmoja wa Kiskochi, nesi mstaafu, kafanya kazi na hawa wagonjwa miaka mingi. Hakuwasha projekta wala nini. Aliuliza tu, nani humu kasharushiwa kitu? Mikono kumi na moja kati ya watu kumi na nne. Akasema haya, kabla hajarusha wewe ulikuwa umetoka kusema nini? Tukaanza kutajataja pale, mmoja nilimwambia subiri, mwingine nilimwambia baadaye, mwingine mimi nilisema kwa sekunde tu. Mama wa watu akacheka, akaandika neno moja kubwa kwenye karatasi ya ukutani, NGOJA, kwa lugha yao, akalipiga msalaba.

Sasa ile sababu aliyotoa ngoja niieleze kwa namna yangu (mnaona lilivyo gumu kuacha hili neno). HD inaharibu taratibu sehemu fulani katikati ya ubongo. Hiyo sehemu mi naifananisha na konda wa daladala. Dereva ana nguvu ya kuendesha, abiria wapo, barabara ipo, lakini konda ndo anapiga bati gari iondoke na ndo anasema shusha gari isimame. Mtoe konda. Gari itakaa kituoni masaa, na ikishaondoka haisimami. Ndo maana Fundi anaweza kukaa kitandani na shati mkononi nusu saa halivai, mtu anapita anasema huyu mvivu, kumbe hana wa kumpigia bati, ukimshika tu mkono ukauingiza kwenye mkono wa kwanza wa shati mengine anamalizia mwenyewe. Na huyohuyo akishaanza kutaka chai hana wa kumwambia shusha. Ile chai inajaa kichwani mpaka hakuna nafasi ya kitu kingine. Kusubiri ni breki, na yeye breki ndo zimekatika, sasa wewe unamlaumu vipi mtu kwa breki?

Kwa hiyo dawa yake ilikuwa nini? Chai iletwe saa 1 kamili kabla hajaita. Basi. Tulibadilisha tu mpangilio wa asubuhi, Fundi wa kwanza, bibi wa soksi wa pili, na bibi wala hakujali maana yeye alikuwa anapenda kulala. Na kama kuna siku kweli huwezi, humwambii ngoja, unamwambia kitu chenye mwisho anaouona, kwa mfano chai inakuja habari zikiisha, na kweli habari zikiisha ulete, usipoleta siku moja tu umejiharibia mwezi mzima. Sikumbuki mara ya mwisho kikombe kuruka. Karibu miaka miwili nzima mtu alikuwa anaandikwa "ana hasira", na dawa za kumtuliza alishaongezewa, kwa ajili ya chai iliyochelewa.

Alafu kuna upande wa pili, huu ndo unatushinda sana sisi. Yeye hawezi kukusubiri ila wewe lazima umsubiri. Ukimuuliza kitu jibu linachukua muda kutoka, sio kwamba hakusikia. Sisi akikaa kimya sekunde tatu tunauliza tena, alafu tunabadilisha maneno, alafu tunapaza sauti kama kiziwi vile. Yule nesi akasema kila ukirudia kwa maneno mapya umemrudisha mwisho wa foleni, aanze upya. Uliza mara moja, kwa maneno machache, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo. Na usimuulize unataka kula nini, hilo swali ni gumu hata kwangu mimi, muulize mayai au uji, na ikiwezekana muonyeshe vyote viwili achague kwa kidole.

Mi niligundua hili kwa shikamoo. Nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, utani tu mwanzoni, mtu kanizidi miaka kadhaa acha nimpe heshima yake, nikamfundisha kujibu marahaba. Nikasema hajali, maana hajibu. Baada ya yale mafunzo siku moja nikasema shikamoo nikaenda zangu kufungua mapazia, nikarudi nikaweka taulo, nikamimina maji, ndo nasikia nyuma yangu, "Marahaba." Kwa sauti nzito ya kukokota. Nikasimama na lile jagi. Kumbe siku zote alikuwa anajibu, mimi ndo nilikuwa nimeshatoka chumbani.

Na uso. Kwetu Tanga tunasoma uso wa mtu kabla hajafungua mdomo, ukinuna tunajua, ukifurahi tunajua. HD inachukua uso. Misuli haifuati tena moyo, mtu anafurahi ila kakunja ndita, anaonekana kama anataka kukupiga. Na yeye kukusoma wewe uso inamwia vigumu vilevile, kwa hiyo mnakuwa watu wawili mnaotazamana hakuna anayejua mwenzake anajisikiaje. Sema kwa mdomo. Mi siku hizi namwambia kabisa, leo nimechoka ila sijakukasirikia. Inasaidia kuliko tabasamu.

Zoezi ambalo sitakaa nisahau ni la mtindi. Yule nesi alitupanga wawili wawili, mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine anamlisha akiwa amesimama. Aliyekaa anaambiwa usiache kurusha mabega na miguu, shingo ipeleke huku na huku. Redio imewashwa, na anayelisha anaongea na mtu wa mezani pengine kuhusu wikendi. Jamani. Kijiko cha kwanza kiligonga meno, cha pili kikaingia sijameza cha kwanza, mtindi uko kidevuni na sina jinsi ya kusema simama. Dada mmoja wa Kifilipino alitoka nje kulia. Mimi sikulia, mi nilikumbuka Jumanne iliyopita nilivyomlisha Fundi huku nikiangalia simu imelia ya nani.

Hapa kwenye chakula ndo nataka mtu akae, kwa sababu hapa ndo watu wanafia. Wagonjwa wengi wa HD mwisho wao ni nimonia, na nimonia mara nyingi imeanzia kwenye kupaliwa, chakula au mate yameingia njia ya hewa badala ya kushuka tumboni. Na wakati huohuo wanatakiwa wale sana, sana yani. Wanakonda hata kama wanakula, kwa ile mitikisiko ambayo haipoi mpaka mtu alale na kwa ugonjwa wenyewe jinsi unavyokula mwili. Kuna wanaohitaji kalori 4,000 mpaka 5,000 kwa siku, mimi na wewe tukila hivyo tunakuwa mapipa. Sasa ulishe mtu chakula mara mbili ya kawaida kupitia koo lisiloaminika. Hesabu hiyo.

Vyakula na vinywaji huku vina namba, kuanzia 0 mpaka 7, 0 ni maji yenyewe na 7 ni chakula cha kawaida. Fundi yuko 5, maana yake kimesagwa kikabaki laini chenye umajimaji na vipande visivyozidi milimita 4, na huhitaji rula, nafasi kati ya meno ya uma ni kama milimita 4, kipande kikipita hapo sawa, kisipopita rudisha jikoni. Vinywaji vyake tunatia unga wa kuvifanya vizito, nao una kipimo chake, sio unakoroga kama uji wa harusi kila mtu kwa jicho lake. Kijiko kidogo, mkalishe wima, kaa chini mlingane macho, zima tivii, usimwongeleshe akiwa na kitu mdomoni kwa sababu atataka kukujibu. Subiri uone koo limepanda limeshuka ndo cha pili. Ukimwachia sahani mwenyewe atajaza mdomo wote, tena yale ya konda, hakuna wa kusema shusha. Mlo mmoja dakika 40 mpaka 50. Menejimenti ikikupangia watu watano wa kulisha kwa saa moja, wewe fanya hesabu mwenyewe hapo nani anadanganywa.

Kwenye kunenepesha mpishi wetu alikuwa anamwaga krimu na siagi kila kitu mpaka Fundi akachoka. Nikamletea kopo la tui la nazi siku moja, akalitia kwenye supu ya maboga akasaga. Fundi alimaliza bakuli akataka lingine. Tangu hapo jikoni tui halikosekani, na mpishi anasema ni ubunifu wake, nimemwachia.

Sasa nije kwenye ile ya binti, ambayo kiukweli nimekuwa naikwepa tangu nimeanza kuandika.

HD ni ya kurithi. Ni jeni moja tu, yani kile kitu cha urithi tunachopewa na wazazi, lilipatikana mwaka 1993, lina kipande kinachojirudiarudia, kikijirudia mara 40 au zaidi mtu ataumwa akiishi umri wa kawaida, hakuna kuponyoka. Mzazi akiwa nalo kila mtoto ana nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi, na kila mtoto anarushiwa yake, sio kwamba wa kwanza akipata wa pili kasalimika. Dalili kwa wengi zinaanza kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu ameshaoa, ameshazaa. Kipimo cha damu kipo, kwa mtu mzima mwenye miaka 18 na kuendelea na baada ya kukalishwa chini kwa ushauri, na wengi hawapimi. Mi nilikuwa nashangaa, mbona mi ningepima kesho yake. Siku hizi sishangai.

Fundi ana binti wa miaka ishirini na kitu, anakuja Jumapili. Jumapili moja wamekaa pamoja dirishani, mwanga umewapiga, yani pua ileile, paji lilelile, na mimi kwa uswahili wangu nikaona nimpe sifa mtoto wa watu. Nikamwambia umefanana na baba yako jamani, kama kakutema. Kwetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, mama mzazi angekukumbatia. Binti akatabasamu nusu, akachukua koti, akasema anaenda kuangalia gari. Alikaa kwenye gari saa zima. Mimi bado sijaelewa, nikadhani labda kanikuta namgusa baba yake bila glavu au vipi.

Kwenye mafunzo yule nesi aliposema "na tafadhali msimwambie mtoto wa mgonjwa kwamba amefanana na mzazi wake" nilihisi damu imeniishia. Hakuwa ananijua. Ila nilijua.

Jumapili iliyofuata nilimwomba msamaha, nikamwambia kule kwetu ni neno zuri lakini nilikosea. Akasema najua ulimaanisha vizuri. Kimya kidogo. Alafu akaniambia, watu wote wanaangalia pua, mimi naangalia vidole vyangu. Kila asubuhi akiamka anainua mikono mbele ya uso anaangalia kama vidole vimetulia. Kikombe kikimponyoka, anafikiria. Akisahau funguo, anafikiria. Sisi tunaponyokwa na vikombe kila siku tunasema bahati mbaya.

Kwa hiyo mafunzo ya HD hayamhusu mgonjwa peke yake. Wewe unayeingia mle chumbani unalea mmoja na unatazamwa na wengine watatu ambao kila unachomfanyia baba wanajiona wao. Ukimlisha huku unaangalia simu, binti anaona atakavyokuja kulishwa. Na mdomo ufungwe, familia moja unakuta mtoto mmoja kapima, mwingine hataki kujua, wa tatu hajaambiwa kabisa kwamba baba anaumwa nini, wewe ukaongee koridoni kwa sauti umemaliza kazi.

Halafu naombeni mafunzo yafundishwe kwa wote, sio makea tu. Dada wa usafi alisogeza kiti cha Fundi kama mita moja apige deki vizuri, hakukirudisha, kosa lake lipi wakati hakuna aliyemwambia? Fundi akajitupa pale alipojua kiti kipo. Nyuzi sita kisogoni. Hawa watu hawakai taratibu, wanajiachia, kiti lazima kiwe kizito na kiwe palepale.

Na ile biashara ya mafunzo ya siku moja, picha ya pamoja, cheti, kwaheri, mi siiamini. Kati ya wale kumi na nne wa zoezi la mtindi leo tumebaki wanne. Wengine wamehama, wengine ni wa ejensi leo hapa kesho kule, na wenye viza zetu hizi ndo usiseme, mlango wa kuleta makea kutoka nje ulifunguliwa Februari 2022 na tangu Julai 22, 2025 umefungwa kwa wapya, kwa hiyo anayeondoka anaondoka na alichofundishwa na nafasi yake inazibwa na mtoto katoka shule juzi hajawahi kumwogesha hata mdogo wake. Kinachosaidia ni dakika kumi na tano tu kila wiki wakati wa kupokezana shifti, mlemle, kuhusu mtu yuleyule, leo tunaongelea kumeza, wiki ijayo tunaongelea kuanguka. Nilimwambia meneja hivyo mara tatu, mara ya nne akasema haya fundisha wewe. Ndo nikajikuta mwalimu.

Kuna wanaoniuliza kwani nyumbani huu ugonjwa upo? Upo, madaktari wameshaandika kuhusu familia za Tanzania zenye HD, na kuna mwingine unaofanana nao kama pacha, unaitwa HDL2, ambao karibu wote wanaoupata ni watu wenye asili ya Afrika. Mi nakumbuka mtaani kwetu tulikuwa na baba mmoja anatembea kama anacheza, anapepesuka, mdomo unachezacheza, tukiwa watoto tunamfuata nyuma tunamwiga. Walisema mlevi, wakasema kalogwa kwa shamba la urithi, na watu wazima walikuwa wanasema mbona mama yake naye alimalizia hivyohivyo, wakimaanisha uchawi ni wa ukoo. Mi sio daktari, siwezi kumpima mtu kwa kumbukumbu. Ila mama na mtoto, hivyohivyo. Huku pia bado wanaitwa walevi, Fundi alishatolewa kwenye duka kabla hajaja kwetu, ndo maana wengi wanatembea na kikadi mfukoni kinachoeleza wanaumwa nini.

Ndugu wa wagonjwa siku hizi wanatuuliza sana kuhusu ile dawa ya majaribio ya kampuni ya uniQure, AMT-130, inawekwa ndani ya ubongo kwa upasuaji, Septemba 2025 walitangaza kwamba kwa watu 12 waliopata dozi kubwa ugonjwa umepungua kasi kwa asilimia 75 ndani ya miaka mitatu. Habari nzuri sana, ila watu 12 ni watu 12, na wapya wangu nawaambia ukiulizwa sema muulize daktari wako, usijifanye profesa na usimvunje mtu moyo. Binti wa Fundi hajaniuliza. Alinionyesha tu kwenye simu yake, akaizima.

Kesho nina wapya wanne, wawili Wakenya, mmoja Mnaijeria, mmoja wa hapahapa. Redio ninayo, vijiko ninavyo, mtindi sina, na safari iliyopita nilinunua wa vanila kila mtu akalalamika. Acha nikimbie dukani kabla hawajafunga.